Lori moja, mitaa minne: tulivyogawana gharama za taka huku Kisauni

Kama nyinyi na majirani mnataka kuchanga mkodi lori la taka pamoja, msianze na pesa. Anzeni na mtapima nini. Mnahesabu nyumba, ama watu, ama magunia, ama tripu za lori? Sisi tuliliruka hilo swali, mtu mmoja akasimama kwa mkutano akasema kila nyumba itoe 200, watu wakapiga makofi, soda zikafunguliwa, na kabla mwaka haujaisha kulikuwa na majirani wanapitana njiani bila salamu kwa sababu ya maganda ya ndizi.

Mimi ndiye mweka hazina. Sikuiomba hiyo kazi, nilipewa kwa sababu siku hiyo nilikuja na kalamu na daftari, sasa mkienda mikutano kama hii kalamu iacheni nyumbani.

Tuko Kisauni, Mombasa, upande wa Kiembeni, mitaa minne imeshikana lakini haifanani hata kidogo. Mtaa wetu ni ghorofa na mezoneti, watu wana ua, wana miembe, kila wiki kuna mtu anakata nyasi. Wa pili ni ploti za vyumba vya kupangisha, chumba kimoja kimoja, choo na bomba ni la wote. Wa tatu uko kando ya lami, huko ni maduka, hoteli, bucha, vijana wa madafu, kina mama wa viazi karai, na nyumba za kuishi ziko nyuma yake. Wa nne uko bondeni, barabara ya udongo, mvua ikinyesha hata bodaboda anakupandishia nauli. Na katikati ya wote, pale njia zinapokutana, kulikuwa na biwi la taka ambalo halikuwa na mwenyewe. Ukiuliza mtaa wetu, ni la wale wa vyumba. Ukiuliza wa vyumba, ni la wenye hoteli. Wenye hoteli wanasema walilikuta.

Swali la kwanza kwa mkutano lilikuwa lile la siku zote, kwani hii si kazi ya kaunti? Ni kweli ni kazi ya kaunti, Katiba ya 2010 kwenye Jedwali la Nne imesema wazi uzoaji wa taka na majaa ni ya serikali ya kaunti. Lakini lori la kaunti lilikuwa likija siku likijisikia, na biwi halisomi Katiba. Tukakubaliana tuendelee kudai na huku tunachanga. Wachache walikataa kabisa, wakasema mkianza kulipa kaunti haitarudi tena, na sijui kama nawalaumu.

Lori la kwanza lilikuwa la bei poa, sh. 4,500 kwa tripu moja. Tukafurahi. Baadaye kijana mmoja wa bodaboda akatuletea picha, magunia yetu, na tuliyajua kwa sababu moja lilikuwa limeandikwa jina la duka la hapa hapa, yamemwagwa kichakani kando ya njia hata jaani hayakufika. Kumbe bei poa ilikuwa hiyo. Yaani tulikuwa tunalipa biwi letu lihamishiwe kwa watu wengine, na wale watu nao wana watoto. Kwa hivyo kabla hamjamwambia mtu aje, muulizeni leseni ya kusafirisha taka kutoka NEMA, ile mamlaka ya mazingira ya taifa. Kanuni za usimamizi wa taka zinasema mtu haruhusiwi kubeba taka bila hiyo leseni, na askari wakilikamata lori njiani, taka zenu zinalala kwenye lori na nyinyi mnaletewa hadithi. Sisi siku hizi dereva haondoki na pesa yote, anapata nusu akipakia na nusu akituma picha lori likimwaga kwenye jaa la Mwakirunge. Alinuna wiki ya kwanza, sasa anatuma picha mpaka za kunguru.

Mwenye leseni tuliyempata ana kenta, alitaka sh. 7,000 kwa tripu, humo humo dizeli, dereva na vijana wawili wa kupakia. Watu walilia, wanasema Mwakirunge si iko hapa hapa Kisauni, elfu saba ya nini? Nilikaa naye tukapiga hesabu na nikaelewa. Dizeli siyo inayomla. Kinachomla ni muda. Tangu jaa la Kibarani lifungwe, taka za kisiwani Mombasa nazo zinakuja upande huu, malori yanapanga foleni, na wakati wa masika lori linaweza kukwama mle mle jaani likingoja kuvutwa. Halafu tairi, jaani kuna misumari na chupa zilizovunjika, pancha ni kawaida. Hizo gharama zote ziko pale pale lori liende limejaa au liende nusu. Hilo nililiandika pembeni ya daftari na baadaye likatusaidia sana.

Hesabu ya mwanzo ilikuwa hivi. Tripu mbili kwa wiki, mwezi wa kawaida nane, sh. 56,000. Nyumba ni 320 mitaa yote minne, yetu 90, wa vyumba 120 (kila chumba tunakihesabu nyumba), wa lami 60, bondeni 50. Ukigawa unapata sh. 175, tukafanya 200 ili ibaki ya glavu, wilbaro na dharura. Kwenye karatasi inapendeza, ukizidisha 320 kwa 200 una 64,000. Tulisahau kuna miezi ina tripu tisa, na tulisahau binadamu. Mwezi wa kwanza karibu kila mtu alilipa, lori lilikuwa jipya machoni. Miezi ikienda mapato yakashuka mpaka kama 45,000 na gharama ni ile ile. Pengo likawa deni kwa dereva, dereva akavumilia, akavumilia, akaacha kuja wiki ya Idi kubwa. Wanaojua wanajua. Matumbo ya mbuzi, ngozi, jua la hapa kwetu, siku nne. Kuna mama jirani alikuwa anafunga mdomo kwa leso akienda dukani.

Nilipoanza kuwafuata wasiolipa nikadhani nitakutana na visingizio, nikakutana na hoja. Mzee mmoja wa ploti, mtu mzima anaishi peke yake, alinitoa nje akanionyesha ndoo yake ya taka. Ndani mlikuwa na majani ya chai, ganda la embe na gazeti. "Mwanangu, hii ndiyo taka yangu ya siku tatu. Wewe kwako mko wangapi?" Kwetu tuko saba, na wiki hiyo tulikuwa tumekata mwembe. Yeye 200, mimi 200. Nilimwambia shikamoo mzee nikaondoka, sikuwa na jibu.

Basi tukaamua kuhesabu. Tulinunua magunia yaliyotumika ya kilo 50 kutoka madukani, maana tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 kila nyumba ina ndoo yake na mtindo wake na huwezi kulinganisha, tukayapaka alama ya rangi, wetu kijani, wa vyumba nyekundu, wa lami bluu, bondeni nyeupe. Rangi ilikuwa ni mabaki ya fundi. Alfajiri ya siku ya lori nasimama na daftari kwenye kila kituo, vijana wanarusha, mimi napiga mistari, minne na mmoja wa kukata, minne na mmoja wa kukata. Gunia la hoteli unalijua kabla hujaona rangi, linavuja supu ya jana, na kijana anayelibeba begani ameweka karatasi ya simenti mgongoni isimlowe. La mtaa wetu ni jepesi lakini limefura kama mto, majani matupu na nyasi. Na makumbi ya madafu, jamani, makumbi hayapangiki, gunia linashika machache tu limejaa, nusu ya ndani ni hewa. Hapo ndipo nilijifunza kwamba kenta halijai kwa uzito, linajaa kwa nafasi. Mkipima kwa kilo mtamuonea mwenye mabaki ya chakula na mtamsamehe mwenye makumbi na matawi, na yeye ndiye anayemaliza lori.

Wastani ulitulia kwenye magunia 80 kwa tripu. Wetu 22, wa vyumba 18, wa lami 28, bondeni 12. Angalieni wa vyumba, nyumba 120 magunia 18. Wa lami nyumba 60 magunia 28, na kati ya hayo 18 ni ya biashara. Kwa magunia peke yake, wa vyumba walistahili kulipa kama sh. 105 kila chumba, na tulikuwa tunawatoza 200 na kuwaita wakorofi. Niliposoma hizo namba kwa mkutano watu wa mtaa wangu hawakunifurahia.

Mtu atasema basi lipeni kwa magunia yamekwisha. Nami nilidhani hivyo. Mama mwenye hoteli ndiye aliyetukatalia, na alikatalia vizuri. Alinyanyuka na buibui lake, akasema, "Mwanangu, hizi taka nazipika mimi, lakini nani anazila? Si nyinyi mnaotuma watoto na sahani saa mbili usiku? Yule kijana wa madafu anakunywa madafu yake mwenyewe?" Mkutano wote ukacheka, lakini ni kweli, mteja wa mtaa wetu anaacha kumbi lake kwa mtaa wa lami halafu tunamwambia mtaa wa lami ndio mchafu. Na kulikuwa na hoja ya pili ya mzee wa mtaa wa bondeni, kwamba mkilipa kwa magunia tu, watu wataanza kuficha. Mtu ataona gunia ni pesa, atachoma nyuma ya nyumba au atatupa mtaroni, na masika ikija maji yanashuka wapi? Kwake.

Tukafika kwenye nusu kwa nusu, na hii ndiyo sehemu ningependa muichukue. Nusu ya gharama inagawanywa kwa nyumba zote sawa, kwa sababu lori lazima liende Mwakirunge hata kama wewe umetoa ndoo moja, na kwa sababu sote tunakula kwa hoteli ile ile. Nusu nyingine inagawanywa kwa magunia ya mtaa. 28,000 kwa nyumba 320 ni kama 87 na senti kila nyumba. 28,000 nyingine inakwenda kwa magunia, wetu 7,700, vyumba 6,300, lami 9,800, bondeni 4,200. Ukijumlisha, wetu unadaiwa 15,575 kwa mwezi, vyumba 16,800, lami 15,050, bondeni 8,575. Kila mtaa ukapewa deni lake kama mtaa na ukajipangia ndani. Wa vyumba wakaweka 150 kila chumba, sisi na bondeni tukabaki 200, wa lami wakaweka nyumba 150 na biashara kila moja kulingana na inachotoa, hoteli zikabeba kubwa, kinyozi akatoa kidogo sana. Inabaki ziada ya kama elfu saba mwezi ukiwa mzuri, na hiyo ndiyo inalipa ile tripu ya tisa.

Magunia tunahesabu upya mara chache kwa mwaka, hatuhesabu kila wiki, mtachanganyikiwa. Ila hesabuni msimu wa maembe na msimu usio wa maembe, na Ramadhani ihesabiwe peke yake, mabaki ya futari si mchezo. Na magunia yenye rangi yataibiwa. Yetu ya kijani nimeyaona yamebeba makaa barabarani, sikusema kitu.

Sasa kulipa. Mtaa usipolipa mnafanyaje? Kila mtu atawashauri muwaruke, lori lipite bila kusimama. Tulifanya, kwa wa lami, kabla ya mpango mpya. Usiku huo huo magunia yao yakatembea, asubuhi yalikuwa kwenye kituo chetu na mengine kwenye lile biwi la zamani. Taka haingoji mgogoro uishe. Unapomruka jirani unajiruka mwenyewe, halafu tripu inayofuata unabeba mara mbili. Kilichotusaidia zaidi ni wenye nyumba. Tuliwafuata wenye ploti mmoja mmoja, tukawaomba ile 150 iingie kwenye kodi, keateka, yule anayewaangalizia ploti, aitoe pamoja na kodi, mpangaji hasumbuliwi na mimi sizunguki. Sio wote walikubali, kuna mmoja yuko Nairobi hata simu hapokei, lakini wa vyumba ambao ndio tuliwaita wakorofi sasa ndio wanalipa mapema kuliko wote, na mtaa wetu wenye magari ndio unafukuzwa kwa meseji mpaka tarehe ishirini. Mtu anakwambia ametuma, umuombe skrinishoti, anakutumia ya mwezi uliopita.

Bondeni walitupa shida ya aina yake. Mvua za Aprili na Mei lori halishuki, likishuka halipandi. Dereva alitaka sh. 1,500 zaidi kila tripu kushuka huko wakati wa mvua, na wengine wakasema walipe wao, ni barabara yao. Tukabishana sana. Mwisho vijana wa bondeni wenyewe wakasema watavuta magunia kwa mkokoteni mpaka kituo chetu hizo wiki za mvua, na sisi tuwatolee pesa ya mkokoteni kutoka kwa ziada. Ni rahisi kuliko dereva, na pesa imebaki kwa vijana wetu. Ulizeni watu wa mahali kwanza kabla hamjaandika kanuni juu yao.

Pesa yenyewe, msiiweke kwenye simu ya mtu mmoja hata awe imamu. Mwanzo ilikuwa inaingia kwa laini yangu na mimi nilikuwa silali, ukinunua samaki mzuri watu wanaangalia samaki wanakuangalia wewe. Tulifungua akaunti ya kikundi, watu watatu wanaweka sahihi kutoka mitaa tofauti, na kila mwisho wa mwezi orodha ya waliolipa na risiti za dereva zinawekwa kwenye grupu ya WhatsApp na moja inabandikwa dukani kwa wasio na simu kubwa. Andikeni namba ya nyumba, majina yaacheni. Tulipoweka majina mara ya kwanza palitokea ugomvi wa ndoa ambao hauhusiani na taka.

Kitu kingine kinachopunguza bei bila kugombana ni kupunguza magunia yenyewe. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022 inataka kila mtu atenganishe zinazooza na zisizooza, na hata kama hakuna anayekuja kukukagua nyumbani, faida iko mfukoni. Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni vitu vya kuoza. Kwetu maganda yameanza kwenda kwa wafuga mbuzi, wanakuja wenyewe na ndoo, majani ya miembe tunayarundika kwenye shimo yawe mboji, na chupa za plastiki waokotaji wanazichukua safi kabla hazijachanganyika na supu. Wapeni heshima yao hao, wanaokoa nafasi kwenye lori lenu kila wiki bila malipo. Makumbi bado yanatushinda. Tulijaribu kuyaanika yawe kuni, yakikauka yanawaka vizuri, lakini yanataka uwanja na jua la siku nyingi, na uwanja tulionao ni wa mpira, watoto waligoma. Kijana wa madafu sasa anayapasua vipande vinne kabla ya kutia gunia, yanaingia karibu mara mbili, na tukampunguzia mchango wake. Alifurahi kuliko angepewa pesa.

Mtaa wa tano, wale walio nyuma ya shule, sasa wanataka kuingia. Tripu zetu mbili zimejaa, kwa hivyo wakija tunahitaji ya tatu, na tripu ya tatu mwanzoni itakwenda nusu tupu na nimeshawaambia elfu saba ni ile ile. Wenzangu wengine wanataka watoe kiingilio cha wilbaro na magunia tuliyokwisha kununua, wengine wanasema tukiwatoza wataendelea kutupa kwenye mtaro wetu. Kamati yao walikuja Jumapili na bahasha tayari, sh. 200 kila nyumba. Tumewarudishia bahasha, tumewapa rangi ya njano na daftari, wahesabu magunia yao mwezi mzima kwanza.